Kipande cha Katikati

Habari hii nilisimuliwa na mjukuu wangu mkubwa, Jumapili moja mchana baada ya kula, wiki ileile niliyobadilishiwa bati la jikoni. Yeye alikuwa kwenye kigoda ananichambulia maharage. Mdogo wake alikuwa kajilaza kwenye mkeka, hatua mbili tu kutoka tulipokaa, kafumba macho. Nasema kafumba macho, sisemi kalala, maana mara kadhaa dada yake alipokosea jambo la kisomo, sauti ilitoka mkekani ikamsahihisha. Nilipokwama nilimwambia arudi nyuma, akarudi. Nami naandika kama nilivyoelewa.

Huyu mkubwa kazini kwao wanamwita Wembe, na kazi yake ni kukata. Jengo lao ni la kuchunguza magonjwa ya wanyama: mbwa, ng'ombe, paka wa watu, na panya weupe wanaofugwa humohumo kwa ajili ya utafiti. Mnyama akitolewa uvimbe, kipande kinashushwa kwake chini. Anakilaza kwenye dawa kisioze, anakizamisha ndani ya nta ya moto, kikipoa kinakuwa kigumu kama kipande cha sabuni. Hapo anakibana kwenye mashine yenye kisu, anazungusha mpini. Kila mzunguko kisu kinatoa utando mmoja, mwembamba kuliko kile kingozi cha ndani ya kitunguu. Anautandaza utando ule juu ya maji ya vuguvugu mpaka unyooke, anauopoa kwa kioo, anautia rangi. Ndipo wenye elimu zao wanakuja kuinama kwenye hadubini na kusema mnyama alikuwa na nini.

Kwa miaka kumi na tisa hiyo ndiyo kazi yake. Utando ukikunjamana, jengo zima linajua nani kakata. Ukinyooka, hakuna anayeuliza.

Huyu mdogo tumemwita Daktari tangu ana miaka sita, alipomfunga kuku wa mama yake bendeji mguu usiovunjika. Siku hizi ni daktari kweli, wa wanyama, tena wa kutafiti. Baba yao alipofariki, mkubwa alikuwa kidato cha pili, na mama yao, yaani binti yangu, hakuweza kusomesha wawili. Mkubwa akasema, asome huyu, mimi nitatafuta kibarua. Ukoo mzima tulimsifu. Mimi ndiye niliyemsifu kuliko wote, nikamwita nguzo ya nyumba. Sikujua kwamba sifa inaweza kumkaa mtu kooni kama mwiba wa samaki. Akaanza kuosha vioo kwenye jengo lile, akafundishwa kukata na fundi mzee aliyekuwepo, mzee alipostaafu akarithi mashine.

Miaka ikapita, Daktari akamaliza masomo yake, akapangiwa kazi. Wapi? Jengo lilelile, ghorofa ya juu.

"Bibi, nisikufiche," Wembe aliniambia. "Nilimwonea wivu hata kiti."

Kiti chenyewe kilikuwa cha magurudumu, kinazunguka. Kigoda cha Wembe kule chini mguu mmoja ulikuwa mfupi, ukiegemezwa boksi la dawa lililokunjwa, na boksi lile hulibadilisha kila likilowa. Akaorodhesha na mengine, wala sikumuuliza. Mlango wa Daktari una kibao, wake una alama ya hatari. Daktari akipita koridoni walinzi wanasimama. Yeye akipita wanamuuliza kama kaona ufunguo wa stoo. Kwa mama yao ukutani, picha ya Daktari na joho lake imetundikwa juu ya msumari uliokuwa wa picha ya Wembe, na ya Wembe imehamia kabatini, imesimama nyuma ya glasi. Yote hayo alikuwa anayahesabu kimya kimya, huku kazini anamwita mdogo wake Daktari kama watu wengine, na nyumbani anampakulia.

Lililomuuma zaidi ni karatasi. Mtu akitaka kukatiwa, anajaza karatasi ya maombi. Daktari hakuwa anashuka ngazi kuileta. Alimpa mtunza panya, baba mmoja wa utani mwingi wanayemwita Baba Panya, naye akaishusha pamoja na vichupa. Juu imeandikwa: Kwa Fundi. Chini imeandikwa: kata kama kawaida. Wembe akawa anaisoma ile "Kwa Fundi" kwa mwandiko aliomfundisha yeye mwenyewe, kwa kumshika kidole, kwenye ukuta wa jikoni kwa kipande cha mkaa.

Sasa utafiti wa Daktari ulikuwa hivi. Panya akiota uvimbe ubavuni, uvimbe ule unakua haraka kuliko mishipa ya damu inavyoweza kuufuata. Ni kama watu wanaojenga vyumba nyuma ya vyumba bila kuacha njia. Wa barabarani wanapata hewa na chakula, maana vyote viwili huletwa na damu. Wa katikati hawafikiwi. Na umbali wenyewe si mkubwa, unene wa unywele mmoja au miwili kutoka kwenye mshipa, basi hewa imekwisha. Hizi mbegu ndogo za mwili, wao huziita seli, zikikosa hewa na chakula hufa, na katikati ya uvimbe huoza. Hivyo ndivyo kila mtu pale alivyojua.

Daktari yeye alikuwa anasema si zote. Alisema kuna zinazobaki hai mlemle kwenye uozo. Zinaunguza sukari kidogo iliyopo bila hewa, kama unga unavyochachuka kwenye bakuli lililofunikwa, na uchachu wake zinautema nje uwasumbue majirani. Sukari ikiisha, zinakula vitu vyao vya ndani, kama mtu anayepasua kitanda chake apate kuni. Zinaacha kuzaa. Zinatulia. Na dawa haizipati, kwa sababu dawa nayo hupanda damu kama basi, na basi halifiki kule. Uvimbe ukitibiwa ukanywea, watu wakashangilia, ndizo zinazokuja kuamka baadaye.

"Na kuita," sauti ikatoka mkekani. "Hujamwambia Bibi kwamba zinaita mishipa ije."

"Nilikuwa nafika," Wembe akasema. "Zinatoa kama harufu, Bibi, mshipa wa damu unaota kuifuata. Haya, lala."

Ili kuzionyesha, Daktari alikuwa anamchoma panya dawa inayonasa mahali pasipo na hewa tu. Baada ya saa moja na nusu Baba Panya anamlaza panya usingizi wa mwisho, taratibu, hilo halifanyii utani. Uvimbe unatolewa, unashushwa kwa Wembe. Utando ukitiwa rangi, pasipo na hewa panageuka kahawia. Kiini cha seli kinakuwa buluu: kikiwa kizima kama punje, seli ilikuwa hai, kikiwa kimesagika kama makombo, ilikuwa imekufa. Kwa hiyo alichokuwa anakitafuta ni punje nzima za buluu ndani ya kahawia, katikati kabisa ya uozo.

Panya walikuwa wanane. Saba walishakatwa, na katika vioo vyote saba, katikati palikuwa na tundu.

Hapa ndipo nilipomwambia Wembe arudi nyuma, nijue tundu limetoka wapi.

Limetoka kwenye mazoea. Katikati ya uvimbe pakishaoza huwa laini kama parachichi lililopitiliza. Kisu kikifika hapo kinaruka, utando unachanika wote, na sehemu nzuri nayo inaharibika. Yule fundi mzee alimfundisha: toa bovu, ukate zima. Basi kila uvimbe wenye uozo, kabla ya kukata, Wembe alichonga katikati kwa kisu kidogo akaweka pembeni. Mafundi wote wa kazi ile wa rika lake hufanya hivyo, na madaktari waliotaka kujua jina la ugonjwa hawakuhitaji bovu. Daktari kule juu alidhani katikati panadondoka penyewe kwenye dawa. Hakushuka kuuliza. Na Wembe hakujua mdogo wake anatafuta nini, kwa sababu karatasi ilisema kata kama kawaida. Ghorofa mbili tu, ngazi ishirini na sita, na miezi saba ikapita hivyo.

Profesa, mkuu wao, akachoka. Akamwambia Daktari kwamba utafiti wa matundu hauna maana. Amebaki panya mmoja; Ijumaa asipoonyesha kitu, chumba cha panya na meza vinapewa watu wengine, naye arudi vijijini kudunga ng'ombe sindano. Kazi si ya aibu, lakini alishaifanya miaka minne kabla ya kupata nafasi hii, na nafasi kama hii haiji mara mbili.

Wiki hiyohiyo, Jumatatu, Wembe alipanda juu kupeleka vioo vya mbwa wa mtu. Koridoni akakuta wamebandika bango jipya la kazi za jengo. Katikati ya bango kuna picha kubwa, pana kama meza, ya utando wa uvimbe wa panya, zambarau na pinki, umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Akaujua. Pembeni kushoto kuna kikunjo kidogo kama mdomo wa ndege, kikunjo ambacho yeye mwenyewe kilimshinda siku hiyo akakiacha. Akasoma majina yaliyo chini. Yalikuwa matano. La kwanza la mdogo wake. La Profesa. La watu wawili asiowajua. La tano la bwana aliyeazimisha kamera.

"Nikarudia kusoma," alisema. "Nikadhani labda nimeandikwa nyuma."

Kesho yake Daktari akashuka. Mwenyewe, miguu yake, mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Mkononi ana kipande cha namba nane kikiwa tayari ndani ya nta, safari hii kakizamisha mwenyewe ili katikati pasidondoke kwenye dawa. Alikuwa amekonda. Akavuta ndoo akaigeuza, akaikalia, akamweleza dada yake utafiti wote kama nilivyouandika hapo juu, kwa vidole, kwa mifano, mpaka Wembe akaelewa kila kitu, pamoja na yale matundu saba yametoka kwa nani.

Hilo la matundu hakulitaja. Alisema tu, "Laini haikatiki, Daktari."

"Jaribu, dada. Nataka hapo katikati."

"Nitaona."

Daktari alipoondoka, Wembe alikigeuzageuza kile kipande mkononi. Laini inakatika. Yeye anajua. Unakilaza kipande juu ya barafu kipate ubaridi, unabadilisha kisu kipya, unazungusha mpini polepole kama unayembembeleza mtoto, na kabla ya kila mzunguko unakipulizia pumzi ya mdomo kidogo. Ni kazi ya siku nzima kupata tando tatu, lakini inawezekana. Hapo nilimwona mjukuu wangu anaacha maharage.

"Nilichukua kisu kidogo, Bibi, nikatoa katikati. Kama unavyotoa kokwa. Safari hii si mazoea. Nilijua."

Kule mkekani mdogo wake akageukia upande wa pili.

Kipande kile, kikubwa kama punje ya hindi, alikishika kwa koleo akakipeleka kwenye kopo la taka. Mkono ukasita juu ya kopo. Si huruma, aliniambia, nisije nikamsifu tena bure. Ni kwamba yule fundi mzee alikuwa na sheria moja aliyoipigia kelele kuliko zote: kitu hakitupwi mpaka jibu lisomwe. Hata vile vipande saba vya kwanza alivitupa baada ya Daktari kusaini kwamba kasoma. Miaka kumi na tisa mkono ule haujawahi kutupa kabla. Basi akamwaga njiti za kiberiti, akakiweka kipande ndani ya kiboksi, kiboksi mfukoni mwa aproni. Akakata kilichobaki, akatia rangi, akampa Baba Panya apandishe.

Baba Panya akainua kioo kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Hawa panya wa binti yetu vipi? Wote maandazi ya tundu." Wembe akacheka naye.

Jumatano Baba Panya alishuka hana utani. Akasema amemkuta Daktari kakaa chini kati ya vizimba, anamuuliza kama kazi ya kufagia vizimba ni ngumu. Hakuwa analia, akasema, na hicho ndicho kilichomtisha.

"Ukajisikiaje?" nikamuuliza Wembe.

Akafikiri. Mjukuu huyu hajibu haraka. "Utamu," akasema. "Kama sukari iliyo ulimini. Halafu ikayeyuka, ulimi ukabaki unatafuta nyingine."

Siku ya Alhamisi alfajiri, watu hawajafika, alifunga mlango. Anasema hakuwa na nia njema wala mbaya, alitaka tu kuona. Alikitoa kipande kwenye kiberiti, akaiyeyusha nta yake ya zamani na kukizamisha kwenye mpya, akakilaza kwenye barafu. Akaweka kisu kipya. Akapuliza. Tando arobaini zilichanika, akazihesabu. Ya arobaini na moja ikanyooka, na ya arobaini na mbili, na ya arobaini na tatu, zikatoka zimeshikana mkia kwa kichwa kama utepe. Akazitia rangi, akasubiri, akainama kwenye hadubini yake kuukuu.

Aliona uwanja mkubwa wa makombo. Buluu iliyosagika, hakuna kitu kizima, hakuna mshipa karibu wala mbali. Akasogeza kioo kidogo. Makombo. Akasogeza tena, akaona kisiwa. Punje kumi na nne nzima, zimekumbatiana, kila moja imevaa kahawia kiunoni kama kitambaa. Halafu kisiwa kingine, punje tisa. Zimenyimwa hewa, zimenyimwa chakula, zimezungukwa na maiti za wenzao, na zipo.

Duniani, anasema, mtu wa kwanza kuziona zile alikuwa yeye, na kigoda kibovu chini yake.

Wivu ulivyo, haukusema mpelekee mdogo wako. Ulisema mpelekee Profesa. Akavua aproni, akavaa koti safi, akashika kioo kwa ncha za vidole akapanda ngazi. Alipofika kwenye bango akasimama, akajipa nguvu kwa kuangalia yale majina matano. Akafika mlangoni kwa Profesa akainua mkono abishe. Ndipo akakumbuka hajaandika namba.

Kwao kioo kisicho na namba ni uchafu. Hata kiwe na dhahabu, hakuna anayekitazama, maana hakijulikani kimetoka kwa mnyama gani. Alikuwa na penseli sikioni. Aandike ngapi? Kipande ni cha namba nane. Namba nane ilikwishapelekwa juu juzi, ina tundu. Profesa angeuliza, tundu lile na kipande hiki vinahusianaje, fundi?

Akatafuta uongo. Anasema haukuwa mbali, ulikuja mbio umeshavaa na viatu: aseme kilidondoka, akakiokota baadaye. Ungepita. Lakini Profesa angeuliza na la pili. Angesema kahawia hii ni uchafu tu wa rangi, maiti nazo hushika rangi, nani kakwambia ziko hai? Na jibu la swali hilo Wembe hakuwa nalo. Alikuwa na jicho na mkono. Jibu lilikuwa chumba cha tatu upande wa kulia, kwenye kiti cha magurudumu.

Alisimama pale mlangoni mpaka mlinzi akamuuliza kama anatafuta ufunguo wa stoo. Akaandika nane. Akaenda chumba cha tatu.

Daktari alikuwa anafunga vitabu kwenye boksi. Wembe hakuamkia. Akaweka kioo kwenye hadubini ya mdogo wake, akasogeza mpaka kisiwa kikakaa katikati, akasema, "Angalia."

Daktari akainama. Akakaa ameinama muda ambao Wembe aliweza kusoma migongo ya vitabu vyote vilivyobaki kwenye rafu.

"Umekitoa wapi?"

"Namba nane."

"Namba nane ina tundu, dada."

"Tundu nimelitoboa mimi."

"Kilikuponyoka?"

"Hapana."

Daktari hakuinua kichwa. Alirudisha jicho kwenye hadubini kama mtu anayeogopa akiondoka kitu kitatoroka. Akauliza, mbona basi hukukitupa. Wembe akamwambia ile sheria. Akauliza, na wale saba? Wembe akamwambia: wale saba ni mazoea, karatasi yako ilisema kama kawaida, na wewe hukushuka.

"Nilikuwa naona aibu kushuka," Daktari akasema. "Nikikiona kile kigoda chako najua nani alitakiwa kukaa hapa. Kwa hiyo sishuki."

"Ungeshuka hata na aibu yako."

"Na wewe ungepanda na wivu wako."

Hayo ndiyo waliyosema. Hawakukumbatiana, nisiwadanganye. Daktari alimwambia atoke, ana kazi, na aache tando zote tatu.

Ijumaa Profesa akaja, akainama, akasema alichotarajiwa kusema: uchafu wa rangi. Daktari akaweka utando wa pili. Kisiwa kilekile, pale pale. Akaweka wa tatu. Kisiwa kilekile, kimenenepa kidogo. Akamwambia uchafu hauwezi kuanguka mahali pamoja mara tatu, ukiwa na punje zilezile. Profesa akavuta kiti. Akatazama tena zote tatu, polepole sasa, halafu akataka kujua nani kamudu kukata bovu hili, maana yeye katika umri wake hajaona limekatika. Wembe akaitwa. Akaulizwa imekuwaje kipande kimetengwa na mwenzake.

Daktari akawahi kusema kilitengwa kipate ubaridi vizuri. Ulikuwa mlango, amefunguliwa, angepita tu. Wembe akasema, "Si kweli, Profesa. Nilikitoa kwa hasira."

"Hasira za nini?"

"Za ule ukuta."

Profesa alitoka mpaka koridoni. Walimwona anasimama mbele ya bango, ananyanyua miwani, anasoma majina moja moja kama mtu anayesoma orodha ya mtihani wa mwanawe. Kisha akaingia ofisini kwake. Jumatatu Wembe akapokea barua mbili kwa mkono mmoja. Ya kwanza ya karipio, kwamba akirudia kuharibu kipande cha utafiti atafukuzwa. Ya pili inamtaka alete jina lake kamili, liandikwe kwenye kazi ile. Daktari naye akabakiziwa chumba, meza na panya wengine kumi na wawili.

Siku nane hawakusemeshana. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, lakini Baba Panya hana jembe, akabaki anapandisha na kushusha vichupa huku anasema jengo hili nalo lina baridi, panya wangu wataugua. Siku ya tisa Wembe akasikia kishindo kwenye ngazi. Ni Daktari, anashuka kinyumenyume, amekumbatia kile kiti cha magurudumu. Akakiweka mbele ya mashine ya kukatia, akaondoka na kigoda kibovu.

Wembe akakikalia. Akashika mpini akazungusha. Kiti kikarudi nyuma mpaka kabatini. Akajivuta, akazungusha tena, kikaenda tena.

"Miezi saba nimekionea wivu," alisema, "siku ya kukipata kinanikimbia." Alipanda ngazi zote ishirini na sita kudai kigoda chake, akamkuta Daktari amekikalia, kinayumba, anaandika. Hapo ndipo walipocheka.

Nilimaliza maharage peke yangu, mwenzangu alikuwa ameyasahau mapajani. Nikauliza kwa ajili yangu mwenyewe: zile seli sasa zimekufa? Sauti ya mkekani ikajibu, nzito, inaelekea usingizini kweli safari hii.

"Zile za kwenye kioo zimekufa, Bibi. Lakini za aina ile, ndani ya panya mwingine, huwa zimelala tu. Damu ikizifikia zinaamka."

Nikamgeukia mkubwa. "Na wewe, wivu wa kwako?"

Akachezea punje moja kwenye sinia. "Jina langu wameliweka la nne," akasema. "La tatu ni yule wa kamera."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka, ila mdomo ulimchezacheza.

Upepo wa mchana ukaanza kuingia mlangoni. Daktari alikuwa amejikunja, pumzi yake imekuwa ndefu, amelala. Nikachukua shuka yangu nzuri, ile nene ya pindo jekundu, sina nyingine kama hiyo, nikamfunika. Nilipoinuka nikaona Wembe anaitazama shuka.

"Bibi, hiyo si uliniahidi mimi?"

"Nilikuahidi nikifa. Sijafa. Lala nawe hapo."

Akajinyoosha kwenye mkeka, akashika pindo akavuta. Mwenzake usingizini akavuta. Akavuta tena, kidogo, mpaka ikawa nusu kwa nusu na miguu ya wote wawili iko nje. Nikaifunika miguu kwa nguo yangu ya kuchanjia kuni. Wembe alibaki amefumba macho na pindo limekunjwa ndani ya ngumi. Nilimwangalia ngumi. Baada ya muda vidole vikaanza kulegea, kimoja, na kingine, naye pia usingizi ukamchukua.